Kizunguzungu Kisichokuwemo Kwenye Karatasi

Jumatatu, tarehe 4

Dada, niwie radhi. Uliniambia nikuandikie kila siku mambo ya kazi mpya, na mwezi mzima umekatika. Mtoto anaota meno. Silali. Sina sababu nyingine.

Kazi yenyewe: najifanya mgonjwa ili wanafunzi wa udaktari wajifunze kuuliza na kusikiliza. Karatasi niliyopewa na mwalimu inasema tumbo linaniunguza. Chanzo ni vidonge vya mgongo ninavyomeza kabla ya kula, lakini hilo silisemi mpaka niulizwe vizuri. Nakaa kwenye kiti kigumu. Mwenzangu, Bi Machozi, amepewa kuvunjika nyonga, kwa hiyo analala kitandani na bado analipwa.

Nimepata wazo.

Jumanne, tarehe 5

Nimejiongezea kizunguzungu. Kwenye karatasi ya mwalimu hakimo, lakini nani atajua? Wanafunzi wakanibeba juu juu hadi kitandani. Mmoja akasema kuna kidonda kinavuja damu ndani. Mwingine akataka niongezewe chupa mbili za damu. Wakabishana juu ya kichwa changu, nami nikasinzia. Usingizi mtamu, dada!

Bi Machozi akamuuliza mwalimu tangu lini vidonda vya tumbo vinakoroma.

Jumatano, tarehe 6

Mwalimu kaniita kando. Kasema, mama, fuata karatasi, kesho ni mtihani, ukiongeza tena natafuta mtu mwingine. Nikaapa. Kazi hii naitaka. Ni mahali pekee ambapo watu wananiuliza naumwa wapi.

Alhamisi, tarehe 7

Mtoto kalia mpaka alfajiri.

Mwanafunzi wa mwisho alikuwa binti tunayemwita Kimya, maana haulizi swali kabla hajalifikiria. Alishaanguka mtihani huu mara moja. Akianguka tena anarudishwa kwao. Nilikuwa nimejitahidi asubuhi nzima, lakini kitanda kile kilikuwa kimetandikwa vizuri mno. Nikajikuta nashika kichwa. Niliyeapa ni mimi, mwili haukuapa.

Kimya hakupiga kelele. Akanilaza, akashika mshipa wa mkono, akafunua kope langu, akauliza kama choo kimekuwa cheusi, maana damu ikivuja tumboni hutoka hivyo. Nikasema hapana. Kisha akaningoja. Wenzake wote waliniwahi kwa maswali kabla sijameza mate. Ndipo akaniuliza taratibu, mama, umelala vizuri mara ya mwisho lini? Nikalia. Kilio hicho hakikuwa cha karatasi. Nikamwambia yote, mtoto, meno, hadi vidonge.

Akawaambia wasahihishaji kwamba damu haivuji. Tumbo ni la vidonge, na kizunguzungu kinamjia mama akikiona kitanda. Huyu anahitaji usingizi. Msahihishaji mgeni akakunja uso, akamuuliza inakuwaje mgonjwa anaanguka na yeye anamuuliza habari za kulala. Akainua kalamu.

Mwalimu akanitazama. Nikinyamaza, binti kwao. Nikisema, mimi kwetu.

Nikasema kizunguzungu ni changu mwenyewe, kwenye karatasi hakimo.

Ijumaa, tarehe 8

Kimya kapita. Kanishika mikono yote miwili, ananishukuru, mimi niliyekaribia kumwangusha. Mwalimu kanigombeza hadi masikio yakapata moto, kisha kasema kuanzia sasa wanafunzi wote watafundishwa kuuliza habari za usingizi, na kwamba nibaki. Na Bi Machozi, niliyemsema kwako, kanipokea mtoto niliyekuja naye, akanipisha kitandani pake saa nzima. Mungu awape kheri wote. Nimekoma, dada. Sirudii.

Ila wiki ijayo anatakiwa mgonjwa aliyepoteza fahamu. Kazi yake ni kulala tu, asijibu. Nimemwambia mwalimu hapa hakuna anayeiweza kama mimi. Kasema atafikiria. Wakati anafikiria, mimi najiandaa, kwa hiyo nitumie upesi: mto ule mwembamba, soksi za sufu, shuka la kijani, kitambaa cha kufunika macho, na kama duka la dawa wanacho, kitu cha kuzuia kukoroma.