Nilivyouficha Wavu Wangu Chini ya Barafu

Jumatatu, 14 Januari

Mgongo! Leo tumetega wavu mtoni, mimi na jirani yangu Fu Guishan, mtu asiyejua kumsifu mwenzake. Kutoboa barafu kwa mtaimbo ni kazi ya vijana, na vijana wetu wote wako mjini wakiuza simu. Mwaka huu barafu inanifika kiunoni. Nikisimulia nitasema kifuani. Tukapitisha ufito mrefu chini ya barafu, shimo hadi shimo, kamba nyuma yake, wavu nyuma ya kamba. Vidole vyangu nimevipata tena nilipofika kwenye supu. Mwishowe Fu akachomeka matawi mekundu penye mashimo, kama kila mtu afanyavyo, ili tujue pa kutoboa tena.

Jumapili wanakuja wazazi wa mchumba wa Yulan, binti yetu. Kwenye simu nilimwambia baba wa kijana kwamba wavu wangu haujui samaki mfupi kuliko mlango. Mke wangu akaninyang'anya simu. Nilikuwa ndiyo kwanza naanza kunoga.

Jumanne, 15 Januari

Samaki wazuri! Na watu, mama yangu! Wavu ukipanda, aliyesimama hapo haondoki mikono mitupu. Haombi, unampa tu. Ndivyo walivyofanya babu zetu, na ndiyo sababu hawakuacha kitu. Alikuwepo mwenye duka, alikuwepo kaka yake, alikuwepo Shangazi Ge. Shangazi akasema alikuwa anapita tu. Juu ya mto! Kwa umri ule, anapita tu, na ndoo mkononi! Nimerudi na vijisamaki ambavyo hata paka alivitazama mara mbili.

Mke wangu kasema baba yangu naye alikuwa akigawa hivyohivyo, na hakulalamika. Nikamwambia baba yangu hakuwa na wakwe wanaokuja Jumapili.

Jumatano, 16 Januari

Akili imenijia nikiwa nafunga viatu. Watu wanajuaje wavu ulipo? Matawi! Nimeyang'oa yote. Mashimo nimeyafukia kwa theluji, nimesawazisha kwa ufagio, nikarudi kinyumenyume nikifuta nyayo zangu. Wavu, tuliourudisha majini jana, utakaa kimya hadi Jumamosi, ujae, niupandishe peke yangu. Mahali nimepaweka kichwani: sambamba na rundo la theluji lililolala katikati ya mto kama ng'ombe. Hata mtoto hawezi kulikosa.

Fu akaniuliza matawi yako wapi. Nikamwambia upepo umeyachukua. Akatazama juu. Moshi wa nyumba zote ulikuwa umesimama wima kama nguzo. Matawi yamechemsha chai vizuri sana.

Alhamisi, 17 Januari

Upepo. Sasa upo.

Ijumaa, 18 Januari

Ng'ombe kahama. Mto mzima umelala kama shuka. Nimetoboa nilipodhani ni penyewe: maji. Nikasogea kidogo: maji. Nikasogea nilipokuwa na hakika kabisa, hakika ya kuapa: maji, na mtaimbo nusura uende nayo. Masharubu yamegandamana na kola. Shangazi Ge akapita tu, na ndoo. Akaniuliza, “Mwanangu, unatengeneza chujio?” Nikamjibu nausaidia mto kupumua.

Nimejitupa juu ya kitanda cha matofali, moto chini yake unawaka, na bado natetemeka. Yulan akapiga simu kutoka mjini. Mama wa kijana anataka kujua sufuria yetu itamtosha huyo samaki au waje na yao. Kisha Yulan mwenyewe akasema taratibu, “Baba, nakuomba. Baba wa mchumba wangu anasema mtu hupimwa kwa ahadi ndogo. Kama hakuna samaki, mwambie leo, usimwambie mezani.” Nikamwambia samaki yupo, tumepishana tu. Hakucheka. Kwa kawaida yeye hunicheka.

Jumamosi, 19 Januari

Mke wangu ameniuza kwa kijiji kizima! Nimeamka, uani wamejaa, kila mtu na mtaimbo. Mwenye duka kauliza kama na mimi nilichukuliwa na upepo. Wamecheka hadi mbwa wamebweka. Tukashuka mtoni. Fu akataka kujua nilitafuta upande gani. Nikamwonyesha. Akaenda upande mwingine kabisa, karibu na kona, akapiga barafu kwa kisigino, akasema hapa. Na ndipo hapo!

Nikamuuliza kwa nini hakusema siku zote hizi. Akasema kwani nilimuuliza? Nilimwambia ni upepo, akaheshimu.

Wavu ukapanda mzito. Na yule samaki mkubwa wa ahadi yangu yumo! Yule wa meno tunayemwita mbwa, mrefu kama mlango. Haya, mlango wa kabati. Lakini hesabu ni ileile: waliosimama hapo ni kijiji kizima. Nikagawa. Nikagawa huku moyo unavuja. Akabaki yule mkubwa, na mwisho wa mstari amebaki Shangazi Ge na ndoo yake. Nikatazama ndoo. Nikatazama samaki. Nikamkumbuka Yulan kwenye simu, asivyocheka. Mikono ikamnyanyua samaki yenyewe, kwa mazoea ya ukoo wetu. Shangazi akasema, “Huyo kwenye ndoo yangu haingii. Nitakuja kumla kwako kesho.” Nyuma yake wote wakasema, haya, na sisi tunakuja.

Jumapili, 20 Januari

Kijiji kilikuja kweli. Na kila mtu kaleta fungu lake limepikwa: samaki aliyegandishwa na kukwanguliwa mbichi, na siki na pilipili, maandazi ya mvuke yenye samaki ndani, mchuzi wa kabichi chachu. Yule mbwa wangu kalala katikati, mkia umetoka nje ya sinia. Kitanda hakikuonekana kwa watu. Baba wa kijana akauliza wavu ni wa nani. Yulan, aliyekuja nao, akanitazama. Kabla sijafungua mdomo, Fu akasema, “Wake.” Neno moja, na pombe yangu kamaliza.

Mama wa kijana kasema kwao ghorofani hajui hata jina la jirani wa mlango wa pili. Binti wa nyumba yenye watu hivi anamtaka. Harusi barafu ikiyeyuka! Nikasimulia samaki alivyoniburura chini ya barafu shimo hadi shimo, nikatokea kule konani nimeshika mkia. Baba wa kijana akacheka hadi akapaliwa na mwiba. Yulan naye kacheka. Mambo yote kwa mpango wangu.

Jumanne, 22 Januari

Mgongo bado. Tumetega tena. Fu kachomeka matawi, kaniangalia, kaenda zake. Nimekaa nikafikiri. Kosa lilikuwa kuyang'oa. Watu wasipoona matawi, wanatafuta. Wakiyaona, wanasimama hapohapo wakingoja. Basi nimeyahamishia ukingoni, mbele ya nyumba ya Shangazi Ge, asichoke kutembea. Wavu wenyewe najua ulipo. Uko sambamba na rundo jipya la theluji, zuri, limetulia kama kondoo.