Mbuzi Kumi na Mmoja kwa Ajili ya Felista

Jumatatu, 1 Septemba
Mke wangu Felista kapiga simu kutoka Turiani. Anakuja Jumapili! Alikwenda Januari kumsaidia binti yetu Upendo kulea mtoto. Wiki mbili tu, alisema, na hizo wiki mbili sasa zina miezi minane. Atalitazama shamba, ndipo aamue kama anarudi hapa Matombo au anabaki hukohuko. Kasema na mambo mengine, ila nilikuwa nikimweleza habari za kiuno changu.

Shamba limekuwa pori. Jana nimemwona kenge karibu na choo. Tena shamba lenyewe ni la ukoo wa mama yake Felista, kama ilivyo kwetu Waluguru. Mimi hapa ni mume tu. Asiporudi, sina hata sababu ya kuwa kwenye mlima huu. Nina siku sita na panga lisilo na mpini.

Jumanne, 2 Septemba
Jirani yangu Stefano, katekista, kaja bila kuitwa. Kasema wanajumuiya wako tayari kuja na mapanga, asubuhi moja tu kazi imekwisha, mimi niwapikie uji. Nimekataa. Nikikubali leo, kesho nitaitwa kulima kwao, na zamu hizo nimezikwepa miaka sita. Nimemwambia nina mbinu ya kisasa. Kauliza mbinu gani. Nimemwambia ataona.

Mbinu imenijia saa kumi jioni. Mbuzi! Pori ni majani, mbuzi hula majani. Nilikuwa karani wa ghala miaka ishirini na tano, kilimo sijasomea, na bado nimeliona hilo peke yangu.

Alhamisi, 4 Septemba
Wamefika. Kumi na mmoja, mali ya Salehe wa Mkuyuni, ambako malisho yamekauka. Yeye anapata malisho, mimi napata usafi. Kaniagiza niwafunge kamba na kuwahamisha kidogo kidogo, maana mbuzi hachagui cha kula. Nimeitikia. Alipogeuka tu nimewaachia wote. Kwa kamba tutamaliza Krismasi.

Jioni wamelala upenuni. Nimekaa mlangoni nikawasimulia ule mwaka magunia ya mahindi yalipopotea ghalani. Hakuna aliyeondoka. Mmoja mwenye sikio lililochanika alinitazama muda wote. Tangu Januari sijafika mwisho wa hadithi mbele ya kiumbe chochote. Nimefurahi, halafu nikaona aibu kwa kufurahi.

Jumamosi, 6 Septemba
Pori limekwisha! Choo kinaonekana kutoka barabarani. Wamekula pia taulo langu na matuta mawili ya kabichi za Stefano. Kaja kunionyesha mashina yaliyobaki. Nimemwambia kuweka uzio ni kazi ya mwenye kabichi. Hakubishana. Kaniuliza kama nimekula leo. Nimemwambia nimekula. Sikuwa nimekula.

Nimefagia uwanja. Nimeosha vikombe viwili, cha pili kilikuwa na vumbi.

Jumapili, 7 Septemba
Felista kaja na bodaboda baada ya Misa. Kakonda kidogo, kapendeza. Nilianza kumweleza mbinu yangu kabla hajashuka. Kalitazama shamba lote akatabasamu. Tabasamu hilo nimeliona kwa macho yangu, naliandika hapa.

Kisha kaenda nyuma ya migomba, kauliza miche yake ya mikarafuu iko wapi. Nikauliza miche gani. Arobaini, kasema, aliipanda kwa mkono wake mwaka jana. Kasema alinikumbusha kwenye simu mwezi wa sita, mwezi wa saba, na tena Jumatatu, kwamba pale nipalilie kwa mkono. Nimejaribu kuikumbuka simu ya Jumatatu. Nakumbuka niliyosema mimi.

Tumekuta vijiti arobaini, vimemenywa magome mpaka chini. Hakugomba. Ningependa agombe. Kakaa kizingitini, kasema kwa upole kwamba si pori lililomwondoa. Humu ndani alikuwa anauliza na kujijibu mwenyewe. Kule Turiani mjukuu ana miaka miwili, na akimwuliza humjibu. Hapo nikaona nimfariji, nikamweleza kwamba mkarafuu huchelewa sana kuzaa, hasara si kubwa.

Saa tisa kaondoka na kinu chake, kimefungwa nyuma ya pikipiki. Nadhani Upendo hana kinu.

Jumatano, 10 Septemba
Mbuzi wamerudi kwa Salehe. Nyumba imepoa. Nimejikuta nikimwita yule wa sikio lililochanika, nikanyamaza haraka. Nina upweke, na sina mwingine wa kumwambia zaidi ya daftari hili.

Stefano kapita, kasema kesho jumuiya inasali kwake, niende, kutakuwa na chai. Nimemwambia nina kazi. Kweli ninayo. Nimeshagundua kosa lilikuwa wapi: mbuzi hana nidhamu. Anayetakiwa ni nguruwe! Nguruwe hufukua ardhi kwa pua, hivyo analima huku anapalilia.

Jioni nimempigia Felista. Kapokea, kasema vizuri nimepiga, ana jambo la kuniambia. Nikamwomba asubiri kidogo nimalize la nguruwe. Nikamweleza banda, pumba, na upande wa kuanzia. Mahali fulani simu ilikatika, sijui dakika ya ngapi. Niliendelea mpaka nikamaliza.