Sista Aliyemuuliza Persis

Kiogoro, Kisii

Kwa Bwana Msimamizi wa Kituo Chetu cha Afya,

Pole na kazi. Mimi ni mama mkwe wa Persis, aliyejifungua kwako Jumanne iliyopita mtoto wa kiume. Mama na mtoto hawajambo, na hilo silo ninalolalamikia. Namlalamikia mkunga wako, Sista Farhiya, ambaye kwa maoni yangu ahamishwe, ikiwezekana mbali.

Ujue hatukuja hivi hivi. Tulikuwa na kamati: mimi mwenyekiti, wifi yangu, na mweka hazina wa akina mama kanisani. Tulifanya vikao vitatu, tukanywa chai, tukaamua kila kitu kuhusu uzazi huo. Persis hatukumwita kwa sababu alikuwa mjamzito na alihitaji kupumzika.

1. Tulipofika, Sista alimuuliza Persis anajisikiaje. Nikajibu mimi, kama kawaida. Sista akatabasamu, akasema, "Asante, mama. Lakini nimemuuliza Persis." Kisha akangoja. Bwana Msimamizi, alingoja mpaka msichana akajibu.

2. Alimweleza kila jambo kabla ya kulifanya: sindano ni ya nini, anampima kwa nini, na akikataa itakuwaje. Kiswahili kilipokwama, akamwita mwenzake aeleze kwa Ekegusii. Mimi nilipojifungua sikuelezwa lolote, na watoto wangu wote wana meno.

3. Alimuuliza angependa kuzaa akiwa amekaaje. Kamati ilikuwa imepitisha alale chali, kimya. Persis akasema atapiga magoti. Akapiga, na kelele pia akapiga.

4. Aliambiwa achague mtu mmoja wa kukaa naye. Alinichagua mimi, na sikatai kwamba nilifurahi. Lakini wajumbe wangu wawili waliachwa nje kwenye benchi pamoja na uji wa wimbi wa mzazi, wakaunywa wote.

5. Sasa mambo haya yamefika nyumbani. Persis anasema yeye na mumewe watakaa waamue lini watazaa tena. Mwanangu Haron, badala ya kukasirika, alimuuliza anataka kula nini, kisha akaingia jikoni. Jana hata mume wangu aliniuliza kama nataka dirisha lifungwe. Miaka thelathini na sita ya ndoa, na ilibidi nimwombe arudie swali.

Tukiendelea hivi, kesho daktari wa mifugo ataomba ruhusa ya ng'ombe, na sisi mama wakwe tutabaki na kazi gani?

Kwa hayo, naomba Sista ahamishwe kabla ya mwisho wa mwezi. Nisalimie walinzi, wapishi, na yule mama wa maabara aliyenipa kiti.

Ni mimi, kwa masikitiko lakini bila kinyongo,

Mama Haron
Mwenyekiti, Kamati ya Uzazi

N.B. Usimhamishe kwanza. Binti yangu Ashley, aliyeolewa Nyaramba, amenipigia simu sasa hivi. Atajifungua Novemba, na mama mkwe wake ameunda kamati ya watu sita. Wameamua alale chali. Hakuna aliyemuuliza. Huyo Ashley mimi nilimzaa nikiwa chali kutwa nzima, nikiomba nipige magoti kidogo tu, nikaambiwa ninyamaze. Bado inaniuma. Nimemuuliza kama angependa kuja kwa Sista Farhiya. Nikangoja mpaka akajibu. Anakuja.