Mkanda wa Begi

Bwana Nafuu alipomwona mama mwenye saluni akilizunguka lile gari jeupe bila kuuliza bei, alijua riziki imepiga hodi. Anayeuliza bei bado ana akili zake. Anayezunguka ameshapenda.

"Karibu, mama yangu. Hili halijawahi kugusa hata kuku."

Kuku kweli halikumgusa. Liligusa lori. Siku hiyo mfuko wa hewa wa upande wa abiria ulifumuka ukamaliza kazi yake duniani, na mkanda ukachanika. Bwana Nafuu, asiyependa kuona tundu, alijaza kipande cha godoro, akabandika kifuniko kwa gundi, kisha akashonea kwa uzi wa bluu mkanda wa begi lake la safari. Taa ya onyo aliipaka rangi ya viatu. Kazi ilikuwa safi, mwenyewe aliionea fahari.

"Ukikaa, mgongo uegemee," alifundisha kwa sauti ya daktari. "Kiti kirudi nyuma, usiikumbatie dashibodi. Mkanda upite kwenye nyonga, usipande tumboni. Watoto wakae nyuma. Likigonga, mfuko unafumuka kabla hujapepesa jicho."

"Na kadi ya gari?"

"Iko kwenye droo, nimeshasaini. Mimi sina longolongo."

"Basi kaa wewe hapo, niendeshe mimi tulijaribu."

Walitoka taratibu. Nyuma ya maghala, kwenye barabara isiyo na watu, mama akaongeza mwendo. Mbele kulikuwa na ukuta.

"Mama, huko hakuna njia."

"Najua. Nataka kuuona huo mfuko. Mimi hata mwavuli sinunui bila kuufungua."

Bwana Nafuu alicheka. Alicheka peke yake. Matofali ya ukuta yalianza kuonekana moja moja.

"Punguza, mama. Tutaumia."

"Tutaumiaje, na mfuko upo?"

"Haupo. Humo kuna godoro."

Mama hakupunguza. "Na mkanda?"

"Wa begi. La nguo."

"Na upande wangu huku?"

"Huko kila kitu kizima," alisema, machozi yakimlenga, "maana ndiko ninakokaa mimi."

Mama akakanyaga breki. Mkanda wa begi uling'oka wote, na Bwana Nafuu akaenda kulibusu godoro lake. Ukuta ulikuwa karibu kiasi cha kuugusa kwa mkono.

"Mdogo wangu ulimwuzia gari," mama alisema bila kupandisha sauti. "Walipogonga, mumewe alikuwa akiendesha, yeye amekaa kiti kama hicho. Mpaka leo anatembelea magongo, na wewe ulibadilisha namba ya simu. Shuka."

Alishuka kwa shukrani ambayo hajawahi kumpa mteja yeyote. Mama alifungua droo, akaiona kadi, akageuza gari, akaondoka nalo.

Bwana Nafuu alitembea huku pua ikivuja damu na mkanda ukimning'inia kiunoni. Jua lilikuwa kali na mjini kulikuwa mbali. Alipofika barabara kuu, dereva mmoja mwenye huruma alisimama, akamfungulia mlango wa mbele.

"Ingia, kaka, nikusogeze."

Aliingia, akakirudisha kiti nyuma, akaegemeza mgongo, akavuta mkanda. Ulikuwa na mshono wa uzi wa bluu.

"Nashukuru sana," alisema akishuka polepole. "Acha tu nitembee."