Sauti Yangu Katika Utenzi wa Bi Ghaniya

Jumamosi, 5 Machi 1983. Nizwa, Omani.
Kikao cha Jumuiya ya Tungo za Kale. Halwa kidogo, maneno mengi. Mwenyekiti wetu, Ustadh Azzan, katangaza: atakayeleta utenzi wa kale usiopata kurekodiwa ndiye atakayetuwakilisha Tunis, kwenye mkutano wa wataalamu wa lugha za kale. Tunis! Nimeshajiona jukwaani, na kilemba kipya. Thuwaini naye kajiona. Nilimwona akijiona. Mtu ambaye mwaka mzima hajachangia kikaoni ila "inshallah"!

Jumapili, 6 Machi.
Mke wangu Shukriya kasema yuko Bi Ghaniya, Bahla, mzaliwa wa Mkunazini, Unguja. Ana utenzi wa zamani mno, kaurithi kwa bibi yake, wote kichwani. Waliokuwa wakiujua wengine wameshakufa. Nikamwambia Shukriya asimwambie mtu. Kasema keshamwambia dada wa Thuwaini. Lahaula!

Jumatatu, 7 Machi.
Nimemuwahi! Nimefika Bahla asubuhi na redio kaseti. Shikamoo, marahaba, kahawa, habari za watu wote, wazima na wafu. Bi Ghaniya kanieleza kuwa kwao utenzi hausikilizwi kibubu: kila baada ya beti kumi msikilizaji huitika "naam", taratibu, kwa adabu. Adabu ninayo tele. Nikaitika kila mstari. Redio nikaipakata mwenyewe, wataalamu wa Tunis wajue nani alikuwapo.

Kasoma mpaka adhuhuri. Mwishoni kalia, akasema tangu atoke Unguja hajapata mtu wa kumsomea wote. Hata mimi machozi yalinilenga. Kisha kaniuliza kama koo haliniumi. Bibi mwenye huruma!

Alhamisi, 10 Machi.
Siku nyeusi. Kaseti ikawekwa mbele ya wajumbe. "Naam! Swadakta! Ya salaam! Twende, bibi, twende!" Sauti safi, haina mkwaruzo. Nyuma yake kwa mbali kinasikika kitu, kama mtu anayesema ndani ya mtungi. Ustadh Azzan kauliza sauti hiyo ya nani. Nikajibu kwa fahari kuwa ni yangu. Kasema hilo alilijua, anauliza ya mtungini.

Mara Thuwaini huyo mlangoni, kamshika mkono Bi Ghaniya mwenyewe! Kumbe kazi aliyofanya ni kwenda Bahla, kumbusu kichwa na kumfungulia mlango wa gari. Hiyo ndiyo elimu? Bibi akaketishwa, redio mpya ya Thuwaini ikawashwa, akaanza. Nilijizuia. Wallahi nilijizuia beti tatu nzima. Lakini ya nne ilikuwa tamu, jamani!

Ijumaa, 11 Machi.
Kaseti ya Thuwaini nayo imeharibika. Hajui kurekodi, maskini.

Baada ya sala Ustadh Azzan kanijia nyumbani, mwenyewe, kwa miguu yake. Kala biriani, kasifu achari, halafu akatoa habari. Bi Ghaniya kakubali kusoma tena Alhamisi ijayo, lakini ndiyo mara ya mwisho, kifua hakimruhusu. Ikikosekana hiyo, utenzi utakwenda naye kaburini. Kwa hiyo Jumuiya, kwa kauli moja, imenichagua mimi kusimamia mlango wa chumba cha kikao. Kwa nje.

Thuwaini ndiye wa Tunis. Nimeumia, sifichi. Lakini cheo ni cheo. Shukriya kacheka mpaka kakaa chini. Wivu tu.

Baada ya alasiri nimekwenda kuukagua mlango wangu. Mbao nyembamba, na chini pana uwazi wa kupitisha mkono. Nikasimama nje, nikavuta pumzi, nikajaribu "Swadakta!" moja tu, ya adabu.

Jirani wa nyumba ya tatu kaitika.