Mbuzi wa Maonyesho

Jumatatu, 9 Juni

Nimetoka shifti ya usiku. Miguu imevimba. Nikakutana na Makena mlangoni, yeye anakwenda kazini, mimi narudi. Akanipa chupa ya chai, nikampa ufunguo, tukaagana. Hiyo ndiyo ndoa yetu hapa Edmonton tangu Nyambura aanze shule. Mtoto hula cha jioni na mzazi mmoja, na kwa kawaida huyo mzazi anasinzia.

Lakini leo kuna habari. Meneja wetu Shenaz ametangaza kwamba nyumba yetu ya wazee inatafuta mratibu wa burudani. Kazi ya mchana! Wikendi nyumbani. Hakuna usaili. Jumamosi mzee wetu Bi Verna anatimiza miaka tisini na mitano, na kwa heshima yake tutaandaa maonyesho ya kilimo kama yale ya utotoni mwake, Nebraska, Amerika, miaka ya thelathini. Mfanyakazi atakayeleta kivutio kitakachompendeza Bi Verna kuliko vyote, kazi ni yake.

Yaani ni yangu. Mimi nimekulia kwenye maonyesho ya kilimo ya Nyeri. Tena nilipata A ya Kiswahili katika mtihani wa taifa. Hilo halihusiani, lakini sioni sababu ya kulinyamazia.

Mpinzani ni mmoja tu, Lambert wa Bukavu, Kongo. Mpole, nadhifu, wazee wanampenda. Simwamini hata kidogo.

Jumanne, 10 Juni

Upelelezi. Nilibaki baada ya shifti, nikamsukuma Bi Verna hadi dirishani kwenye jua, nikamuuliza kijijini kwao watu waliishi vipi.

Anasema walikuwa na mahindi, kanisa, ukame na umbea. Nikamwambia hapo bado sijatoka Nyeri. Anasema mama yake alishona magauni kwa magunia ya unga, ambayo yalikuwa na maua, na baba yake akitumwa dukani alilazimika kuchagua gunia kwa urembo wake, hata kama liko chini kabisa ya rundo. Vumbi likivuma, walilowesha mashuka wakayatundika madirishani. Simu ilikuwa laini moja kwa majirani wote. Ukipigiwa, kila nyumba inanyanyua na kusikiliza kwa kubana pumzi. Nikamweleza kwamba na sisi tunayo hiyo, inaitwa grupu la WhatsApp la kanisa.

Kisha akafika kwenye jambo lenyewe. Alipokuwa na miaka minane alipeleka mbuzi wake kwenye maonyesho. Mbuzi mweupe, aliyesuguliwa kwa sabuni mpaka pembe. Akapewa utepe mwekundu, wa pili. Utepe wa buluu, wa kwanza, akapewa mbuzi mwenye kikohozi wa mpwa wa mwamuzi. Jambo hilo linakaribia miaka tisini na bado alimtukana yule mwamuzi aliponisimulia. Nilimpenda papo hapo. Huyu mama angekuwa shangazi yangu, ukoo wetu ungefika mbali.

Tangu mumewe afariki majira ya baridi, anakula vijiko viwili tu na kusukuma sahani. Kwa mbuzi huyo aliongea mpaka uji ukapoa.

Kwa hiyo ni mbuzi. Nahitaji mbuzi.

Jumatano, 11 Juni

Nimepata mbuzi! Hata sikuhangaika.

Nilikuwa jikoni najikatia mkate. Zainab, mpishi wetu, wa Mombasa, mwanamke wa maneno mengi na sauti ya kutosha, alikuwa kwenye simu na dada yake. Nikamsikia akisema kwamba mbuzi ya marehemu mama yao anayo yeye, kwake Woolwich, hapa hapa mjini, chini ya kitanda, na mawifi wasijisumbue kuitafuta.

Chini ya kitanda! Nikasubiri akate simu, nikamuuliza kama ni kweli. Akasema kweli, mbuzi yake alikuja nayo kwa ndege, ndani ya sanduku. Uwanjani wakamfungulia sanduku, wakaiangalia, wakaitana, wakaiangalia tena, wakafunga. Nikauliza kama haiwasumbui majirani kwa kelele. Akacheka, akasema haitoi sauti mpaka iwe kazini. Ila nijihadhari na meno yake, yalishamkata kidole gumba. Na mguu mmoja umelegea, lakini kuna fundi atautia msumari.

Watu wa Pwani bwana. Daktari wa mifugo anaitwa fundi, na sindano inaitwa msumari.

Jambo moja lilinichoma. Mtu mzima wa Mombasa, wanakozaliwa na Kiswahili, anasema mbuzi yangu! Nikamrekebisha kwa upole. Nikamwambia kiumbe chenye uhai kiko katika ngeli ya A-WA, kwa hiyo ni mbuzi wangu, si mbuzi yangu. Akaniambia, Baba Nyambura, kalale.

Hata hivyo amekubali kuniazima Jumamosi. Ameniuliza tu kama nazi ninazo. Kumbe mbuzi wa Pwani hula nazi. Kila siku mtu anajifunza.

Alhamisi, 12 Juni

Nimenunua nazi mfuko mzima sokoni. Muuzaji aliniuliza kama nina sherehe. Nikamwambia nina mbuzi. Akaniongezea moja.

Lambert naye hajalala. Ataleta mahindi mabichi na kushindanisha wazee kuyamenya maganda, kama walivyofanya huko Nebraska. Wazo zuri, limeniudhi sana. Nikaenda kwa Shenaz, nikamweleza kwa masikitiko kwamba nywele za mahindi huwapa wazee chafya, na chafya katika umri ule ni jambo la kuvunja mbavu. Shenaz akanishukuru kwa kujali. Akaamua mashindano ya Lambert yahamishwe kutoka chumba cha nyuma hadi bustanini, mahali pa wazi, katikati kabisa, mbele ya wageni wote.

Jioni nilimwambia Nyambura habari za mbuzi. Akanijibu kwa Kiingereza, kama kawaida yake, akitaka kujua mbuzi alipataje viza. Nilimwambia amalize wali.

Ijumaa, 13 Juni

Nimemtangazia Shenaz rasmi. Mbuzi hai, kutoka Mombasa, aliyezoea watu. Alifurahi mpaka akashika kifua. Alitaka kujua kama kuna hatari, nikasema nitamshika mwenyewe, na kwamba mguu mmoja unaumwa hivyo hawezi kukimbia mbali. Ameagiza nyasi kavu na uzio mdogo wa mbao. Amezipigia simu familia zote. Kwenye tangazo la mlangoni amechapisha picha ya mbuzi na chini yake jina langu. Kamande. Kwa herufi nene.

Kisha tukaenda wote kumwambia Bi Verna. Baadaye akaomba kusukwa nywele. Akaomba pia utepe wa buluu, wa satini, kwa sababu safari hii mwamuzi ni yeye na hakuna mpwa wa mtu atakayepita. Mchana alimaliza bakuli zima la supu. Alisema mwamuzi anahitaji nguvu.

Nilijisikia vibaya kidogo kwamba mwenzangu anangoja mbuzi kwa moyo wake wote na mimi nangoja shifti ya mchana. Nikawaza meza yetu, sisi watatu tunakula pamoja, hakuna mwenye koti. Nikaacha kujisikia vibaya.

Jumamosi, 14 Juni

Ngoja niandike kabla sijabadilisha mawazo.

Jua lilikuwepo. Wageni walijaa bustani. Uzio ulisimama, nyasi zikatandazwa, nazi zangu nimezipanga kwenye ndoo ya chakula cha mbuzi. Watoto wa watu wamejibana kwenye uzio. Makena alibadilishana zamu kazini kwake ili aje, jambo ambalo hajafanya hata kwa arusi ya binamu yangu. Bi Verna katika kiti chake cha magurudumu, nywele zimesukwa, utepe wa buluu mapajani.

Zainab akaingia. Amevaa buibui jipya, amekumbatia kitu kilichofungwa kwa leso. Kidogo mno. Nikafikiri ni ndama wa mbuzi, yaani mtoto, nilichanganyikiwa hata maneno. Akakiweka juu ya nyasi, akafungua leso.

Kigoda cha mbao. Kile cha kukunja. Kina ulimi wa chuma mbele, wenye meno.

Mbuzi ya kukunia nazi.

Nikamuuliza kwa sauti ndogo mbuzi yuko wapi. Akasema si hiyo mbele yako, umepofuka? Nikasema mbuzi, Zainab, mnyama, anayelia. Hapo ndipo aliponielewa, na ndipo sauti yake ilipopanda. Akanikumbusha mbele ya watu kwamba hakuniambia mbuzi wangu, aliniambia mbuzi yangu. Mbuzi mnyama ni wangu, mbuzi kigoda ni yangu. Kwao hata mtoto wa chekechea anajua, na siku ile nilipomrekebisha alidhani ni usingizi, kumbe ni ujinga.

Lambert alicheka mpaka akakaa chini kwenye nyasi za mbuzi. Makena akajifunika uso kwa mtandio, mabega yanaruka. Shenaz hakucheka. Alitazama tangazo, akanitazama mimi. Watoto wakaanza kuulizana. Nilitamani ardhi ipasuke.

Bi Verna akauliza kinachoendelea. Zainab, ambaye haogopi mtu, akamweleza kwa Kiingereza chake kwamba kwao hiki kinaitwa mbuzi, na kwamba huyu bwana hapa amekiletea nyasi. Bi Verna akaomba aelezwe tena. Kisha akacheka. Sijawahi kumsikia akicheka. Ilibidi wamvue miwani.

Baada ya hapo hakuna aliyeniuliza kitu. Lambert akainua mbuzi juu ya benchi, Zainab akaketi juu yake, akapasua nazi moja ya zile zangu, akaanza kukuna. Bi Verna akasogezwa. Mikono yake ndani ya mikono ya Zainab, wanazungusha kifuu pamoja, nazi inaanguka nyeupe kwenye sinia. Akasema mama yake alipika keki ya nazi Krismasi tu, nazi ikija ya kopo, na hakujua kwamba kabla ya kopo kulikuwa na kitu kama hiki. Akala nazi na sukari, sahani nzima, akaomba nyingine. Shenaz akaenda kufuta macho nyuma ya mahindi ya Lambert.

Ukafika wakati wa utepe. Bi Verna akauliza kama mshindani huyu ana ndugu miongoni mwa waamuzi. Akaambiwa hana. Akaufunga utepe wa buluu kwenye ulimi wa mbuzi kwa mikono yake mwenyewe.

Nikaona nafasi. Nikamsogelea Shenaz, nikamweleza kwamba hilo ndilo lilikuwa wazo langu tangu mwanzo, kuwashtua watu kidogo. Akauliza nyasi zilikuwa za nini. Nikasema mapambo.

Jumapili, 15 Juni

Kazi amepewa Zainab. Hakuwa hata ameomba! Alisema atafikiria, akafikiria muda wa kuvua aproni, akakubali. Msaidizi wake ni Lambert. Mimi nitaendelea na usiku.

Nimemwambia Makena nikiwa nimeketi kitandani na viatu. Hakucheka tena. Alikaa karibu nami, akasema, pole, Baba Nyambura. Hilo liliniuma zaidi ya kicheko. Nilitaka sana ile meza ya watu watatu. Nimeitaka tangu mtoto ana meno ya utotoni.

Nimetafakari kosa liko wapi. Liko kwa Zainab. Mtu akimiliki kifaa chenye jina la mnyama anapaswa kutoa tahadhari.

Alhamisi, 19 Juni

Mambo yanageuka. Mlango mwingine umefunguka na safari hii sina haja ya mtu wa Pwani.

Jumapili familia zinakuja tena bustanini kwa nyama choma. Zainab amemwachia Lambert atafute cha kuwafurahisha wazee. Nilimwuliza Lambert kwa ujanja, nikijifanya sina haja, kwamba ameandaa nini. Akaniambia jirani yake amekubali kuleta nyama mbili, kubwa kabisa, bure. Nikauliza zimehifadhiwaje. Akasema zinalala kwenye sofa.

Kwenye sofa, mwezi wa Juni! Nikauliza kama zinafaa kwa watu wa umri ule. Akasema zinapenda sana wazee, na mzee akinyoosha mkono zinaulamba na kutikisa mkia.

Maskini Lambert. Anajitahidi, lakini kila neno limekaa pasipo pake. Alitaka kusema wazee wanapenda sana nyama, watajilamba mikono, na mkia ni wa supu. Sikumrekebisha. Nimejifunza kunyamaza.

Nikaenda moja kwa moja kwa Shenaz, nikamwambia nyama choma ya Jumapili naisimamia mimi, afute oda ya buchani, nyama ipo. Akasita. Nikamwambia hii nimeithibitisha kwa mwenyewe, neno kwa neno. Akakubali, na akasema ikifana ataangalia tena suala la shifti zangu.

Makaa nimenunua. Visu nimenoa. Nimemwomba Lambert azilete mapema, nizipake chumvi na limau kabla hazijakatwa. Alinikodolea macho, hakuelewa hata neno moja. Kiswahili kigumu kwa watu wa Kongo.