Hesabu Zirudi Shuleni Zilikotoka

Bwana Direkta wa shule,

Amahoro. Mimi ni Alimasi, baba yake Jamila wa mwaka wa tano, hapa Minago. Nakuandikia kwa heshima zote, ingawa tumbo linanguruma kwa njaa.

Katika mkutano wa wazazi, Madamu Beatrisi, mwalimu wa hesabu, alituomba tuwasaidie watoto nyumbani. "Si lazima ujue kitabu," alisema. "Mwache mutoto apime, agawanye, aulize kwa nini." Nilipiga makofi kuliko wote. Yaliyonipata ni haya:

1. Jioni ile ile nilimwachia Jamila agawanye mukeke. Tangu nioe, mimi nakula kichwa na mgongo, wengine wanaelewana na mkia. Jamila alimkata samaki vipande vilivyolingana, kila mtu kimoja. Nikamwambia baba hapimiwi hivyo. Akauliza, "Kwa nini, papa?" Madamu alitukataza kugombeza, basi nikatafuta jibu. Bado nalitafuta.

2. Akapima kitanda chetu kwa kamba. Mama yake sasa anajua kwamba mimi nalalia theluthi mbili. Nimesogezwa ukutani.

3. Mama mkwe alikuja kutoka Magara kutusalimia. Jamila akamchorea duara la kazi za nyumbani, kila mtu na kipande chake. Changu hakikuonekana. Mama mkwe alivaa miwani, akaomba taa, akatafuta tena kwa huruma.

4. Sasa majirani wanamwita. Amegawanya zamu za kuteka maji, za kumenya mihogo, hata za kubembeleza watoto. Jana nilimkuta rafiki yangu Radjabu anatwanga sombe, majani yale ya mihogo, mbele ya watu. Anasema matatizo yake yana baba, na baba huyo ni mimi.

Kwa hiyo naomba hesabu zirudishwe shuleni, zifungiwe kwa kufuli. Mutoto akirudi nyumbani, aje na jiografia. Sijasikia mlima uliomnyang'anya mtu samaki.

Nisalimie walimu wote, mlinzi, na wazazi wa Madamu Beatrisi, ambao naamini walimlea kwa nia njema. Murakoze sana.

Ni mimi, mzazi mwenzako,
Alimasi

Tanbihi: Kabla sijafunga bahasha, Jamila alinipa zoezi la sehemu. Nilikosea, nikafuta, nikakosea tena, halafu likakubali! Niliruka mpaka kuku wakatawanyika. Mwombe Madamu aniletee lingine, gumu kidogo, leo hii kama inawezekana. Ila asimpe Jamila alilete, atalimaliza njiani.